Dagaa kwenye nyumba ya Wajaini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, kwetu Tanga, na sasa nina miezi minne Ahmedabad, jimbo la Gujarat, India, nasoma shahada ya pili. Hosteli za chuo zilikuwa zimejaa. Nyumba mbili za mwanzo nilizopiga simu, niliposema tu natoka Afrika, simu ikakatwa. Ya tatu ikanikubali. Ni familia ya Wajaini, wafuasi wa dini moja ya huko India, naishi nao kama mpangaji wa ndani, wenyewe wanaita PG, nalipa rupia 8,000 kwa mwezi, chumba pamoja na chakula. Ndani kuna bibi ambaye kila mtu anamwita Ba, mwanawe wa kiume na mkewe, na mjukuu wa miaka tisa.

Mwanzoni sikuamini bahati yangu. Ba alinipokea mlangoni, akanipaka doa jekundu kwenye paji la uso, akanilisha kitu kitamu kwa mkono wake mwenyewe. Mezani nikisema nimeshiba, wanaongeza. Kitu kimoja kilinishtua siku hiyo: baba mwenye nyumba aliomba pasipoti na viza yangu, akavipiga picha, kisha akanisimamisha ukutani akanipiga na mimi, kama mhalifu. Nikanyamaza. Halafu nikamwita mkewe "dada", kwa adabu zetu, wote wakaangua kicheko mpaka mtoto akaanguka kwenye kochi. Mpaka leo sijajua nilisema nini.

Tatizo lilianza na mtungi. Jikoni wana mtungi wa udongo, maji yake matamu kuliko ya friji. Wiki ya kwanza hiyo hiyo nilirudi na kiu, nikachota kwa bilauri, nikanywa, nikaichovya tena. Mtoto akapiga ukelele, "Ba!" Hakuna aliyenigombeza. Ila jioni nilimkuta mama mwenye nyumba amemwaga maji yote, amechuchumaa anausugua mtungi. Kesho yake nikakuta chupa ya maji imewekwa mlangoni kwangu, na jikoni bilauri moja ya stili imefungwa uzi mwekundu. Hiyo ndiyo yangu. Shangazi, nililia. Dada wa kazi anayekuja kuosha vyombo naye ana bilauri yake, iko dirishani kule wanakofulia. Nikajiona nimewekwa kundi moja na yeye.

Kuna mengine madogo madogo. Siku moja nilitaka kujipakulia achari, mama mwenye nyumba akaninong'oneza kuniuliza kama niko kwenye siku zangu, kwamba kama ndivyo nisiguse chupa. Saa tatu usiku mlango unafungwa, wakati wenzangu wanasoma maktaba hadi saa tano. Na Ba naye, mwezi wa tisa jioni moja ametoka hekaluni, akanifuata chumbani, akaunganisha viganja, akainamisha kichwa akasema kitu kama "michami dukadam". Nilidhani ananifundisha salamu, au ananitania, nikacheka nikamjibu "okei Ba". Akatabasamu akaenda zake.

Sasa dagaa. Mama alinifungia kilo moja kwenye gazeti ndani ya sanduku. Nimevumilia miezi mitatu ya dengu na chapati nyembamba, hakuna kitunguu, hakuna kiazi, yai usiulize. Usiku mmoja mwezi wa kumi wenyewe wamekwenda harusini Surat, Ba amelala, nikawasha jiko la koili ninalochemshia chai, nikafungua dirisha, nikakaanga bakuli moja tu. Harufu ikapanda hadi ghorofa ya nne. Mwenyekiti wa wakazi akaja kugonga mlango. Ba akaamka, akaingia chumbani kwangu, akaangalia ndani ya kikaango. Hakusema neno. Alikaa kwenye kiti cha ukumbini akaanza kuvuta tasbihi yake, machozi yanamtoka.

Tangu hapo ni wiki tatu. Chakula naletewa mlangoni kwenye tifini, kile chombo cha kubebea chakula, kama mfungwa. Wananisalimia kwa kichwa tu. Nimeomba radhi kwa Kiingereza, mama mwenye nyumba akasema "hakuna shida", lakini shida ninaiona.

Naomba uniambie ukweli: hawa watu wananibagua, au mimi ndiye mkosaji? Nihame? Hela ya kuhamia kwingine ninayo nusu. Na dagaa nusu kilo bado wamo sandukuni.

Mwenye Uzi Mwekundu,
Ahmedabad

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu.

Hao nusu kilo watoke leo. Usiisome barua hii mpaka mwisho kabla hujawatoa. Wafunge vizuri, panda riksho, wapelekee Watanzania wenzako walioko hosteli, watakuombea dua.

Ukirudi, ingia jikoni ukatazame bomba. Nyumba nyingi za Wajaini hufunga kitambaa kwenye mdomo wa bomba ili maji yachujwe, mdudu asije akanywewa kwa bahati mbaya. Dini yao imesimama juu ya neno moja, ahimsa, kutodhuru kiumbe. Viazi, vitunguu, karoti na saumu hawali kwa sababu ukichimbua mzizi umeua mmea mzima, pamoja na vilivyokuwa vikiishi nao udongoni. Wenye msimamo mkali hawali baada ya jua kuzama, wasije wakameza mdudu aliyefuata mwanga wa taa. Sasa bibi wa namna hiyo, aliyechuja maji kwa kitambaa maisha yake yote, anaamka usiku, anainama juu ya kikaango chako, na dagaa wanamwangalia. Mia mbili, kila mmoja na macho yake mawili.

Sikuzomei. Mimi niliishi Vadodara, hapo jirani yako tu, miaka miwili mume wangu akisoma. Wiki ya kwanza niliua mende kwa ndala mbele ya mama yake mwenye nyumba. Niliua kwa mbwembwe, nikidhani nasaidia. Yule mama alibaki amesimama na sinia la mchele mkononi, hasogei. Usiku ndipo mume wangu aliponieleza kwamba humo ndani mende hukamatwa kwa karatasi akapelekwa nje. Kwa hiyo tuko wawili, ila wangu alikuwa mmoja.

Mtungi ni habari nyingine, na hapo nakutetea nusu. Wagujarati wana neno, ethu. Ukienda Delhi utasikia jutha. Ni kitu kilichoguswa na mdomo, au na chombo kilichogusa mdomo. Kikishakuwa hivyo hakirudi kwenye chombo cha wote. Ndiyo maana utawaona wanainua chupa juu maji yakamiminika kooni bila mdomo kuigusa. Anayeonja mchuzi humwagia kiganjani kwanza. Wewe ulikunywa, ukachovya bilauri yenye mate yako kwenye maji ya ukoo mzima. Sasa niambie, bibi yako Tanga hakuwa na mtungi? Hakuwa na kata? Ungethubutu kuiweka kata mdomoni kisha ukairudisha? Bibi yangu mimi angenitwanga nayo. Kulikuwa na kata ya kuchotea na kikombe cha kunywea, na havikuchanganywa; friji ndiyo iliyotusahaulisha. Angalia pembeni ya mtungi wao, utaona chombo chenye mkono mrefu. Chota kwa hicho, mimina kwenye bilauri yako, visigusane. Basi.

Ila nakutetea kwa hili: walipaswa kukwambia. Mtoto wa miaka tisa aliweza kupiga ukelele, watu wazima wakashindwa kufungua mdomo. Wengi wao wana aibu hiyo. Mgeni kwao ni mungu, wanalo neno la kale la Kisanskriti linalosema hivyo, na mungu hagombezwi. Matokeo yake mungu anaachwa akosee, kisha mtungi unasuguliwa kimya kimya.

Hapa naomba ukae na mimi kidogo, maana ndipo penye swali lako. Jambo likikuuma ugenini, huwezi kujua kama ni mila au ni dharau kwa kupima linavyouma. Vyote viwili huuma sawasawa. Mimi huuliza kitu kimoja: sheria hii inawafunga na wao? Yule mjukuu angechovya bilauri yenye mate, mtungi ungemwagwa? Ungemwagwa, na yeye angesemwa mpaka alale. Baba mwenye nyumba angekaanga samaki humo ndani, Ba angelia? Angelia zaidi. Hayo basi si yako peke yako, umeyakuta.

Pitisha kipimo hicho kwenye mengine. Picha za pasipoti: India, yeyote anayemlaza mgeni wa nchi nyingine, hoteli au nyumba ya mtu, anatakiwa kutoa taarifa kwa ofisi ya uandikishaji wa wageni, FRRO, ndani ya saa 24, kwa fomu ambayo wengi wanaijua kama Fomu C. Hujazwa kwa intaneti, na picha yako inatakiwa. Asingeijaza, yeye ndiye angekuwa matatani. Mwenye nyumba wa kumwogopa ni yule anayekwambia "usijali, mambo ya fomu tuachane nayo". Nawe kama viza yako ya masomo inazidi siku 180, ulitakiwa ujiandikishe ndani ya siku 14 tangu ufike. Kama hukufanya hivyo, hilo ni kubwa kuliko dagaa, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako kesho asubuhi.

Mlango wa saa tatu: baba yako Tanga alikuwa anakufungulia saa tano? Haya. Lakini wewe ni mpangaji, unalipa, na masomo ndiyo yaliyokupeleka, kwa hiyo hili lina nafasi ya mazungumzo. Usilizungumze saa mbili na nusu usiku kwa simu ukiwa maktaba. Lizungumze asubuhi, useme ni siku zipi za wiki, utarudi na nani, kwa usafiri gani.

Achari silipendi, nasema wazi. Nyumba nyingi huko zinaamini mwanamke aliye kwenye siku zake akigusa achari itaharibika, na wengine hawaingii jikoni wala hekaluni siku hizo. Mama mwenye nyumba naye anazifuata, uhakika ninao, kwa hiyo hakukudharau wewe. Amekugawia tu mzigo ule ule aliotwishwa yeye akiwa binti. Hulazimiki kumtangazia mtu siku zako. Mwambie akupakulie yeye kila siku, mwezi mzima, na hakuna atakayehesabu.

Na "dada"! Mwanangu, kwa Kigujarati dada ni babu mzaa baba. Ulimwita yule mama babu. Tena ungemwita mama ungekuwa umemwita mjomba, na ungemwita mumewe kaka ungekuwa umempata kwa bahati: kaka kwao ni baba mdogo, na vijana huwaita hivyo wanaume wa makamo. Mwanamke unamwita kwa jina lake ukiongeza "ben" mwishoni, yaani dada yetu sisi, na mwanamume "bhai". Mimi mwaka mzima nilikuwa nasikia watoto wakimlilia "mama" nikidhani wanamtaka mama yao, kumbe mjomba amekuja na pipi.

Sasa uzi mwekundu. Huo ndio nisioupitisha kirahisi.

Geuza vyombo vyao vya stili uangalie chini. Vingi utavikuta vimechongwa majina, cha huyu cha harusi, cha yule alipewa na shangazi yake. Chombo kuwa na mwenyewe si ajabu humo ndani. Na wanajua unakula nyama nje, hawataki mdomo uliokula nyama uzunguke kwenye bilauri zote. Hilo hata kijana wao anayekula kuku kwa kujificha hufanyiwa akigundulika. Kwa hiyo usiangalie uzi, angalia bilauri inaoshwa na nini na inakaa wapi. Kama inaoshwa pamoja na zao na inakaa rafu moja na zao, uzi ni jina lako, kwa kuwa hawakuwa na fundi wa kuchonga. Siku itakapohamia dirishani pembeni ya ile ya dada wa kazi, umepata jibu.

Maana ile ya dirishani haifaulu kipimo. Hakuna mwingine humo ndani anayewekewa chombo nje isipokuwa yeye. Katiba ya India, iliyoanza kutumika 1950, ibara ya 17, ilifuta kumhesabu binadamu kuwa najisi kwa sababu ya tabaka alilozaliwa, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Na bado bilauri za dirishani zipo, mijini na kwa wasomi. Nikuulize swali gumu kidogo: ile bilauri ya dada wa kazi uliiona mapema tu. Ilikuuma kabla hujapewa ya kwako? Nakuuliza nikijiuliza na mimi, kwa sababu nimekula kwenye nyumba ngapi za Dar es Salaam ambamo dada wa kazi ana sahani yake ya plastiki, kikombe chake chenye mpini uliovunjika, na anakula jikoni amekaa kwenye kibao cha mbuzi. Nilishukuru chakula nikaondoka.

Usinielewe kwamba hakuna ubaguzi. Simu mbili zilizokatwa uliposema Afrika zilikuwa ubaguzi, hazina mila yoyote nyuma yake. Mwaka 2016 Bengaluru, mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu kwa sababu ya ajali iliyosababishwa na Msudani asiyemjua. Kosa lake ni rangi tu, na Tanzania ililalamika rasmi. Kwa hiyo namba ya ubalozi wetu New Delhi iwe kwenye simu yako na kwenye karatasi pia. Lakini hasira ya simu mbili zilizokatwa usimlipishe yule wa tatu aliyepokea. Alikupokea akijua jirani zake watasema, na usiku ule wa dagaa mwenyekiti alipogonga, mlango uliogongwa ni wa kwake.

(Siku ukijiona mweusi peke yako katika jiji zima, nenda Lal Darwaza ukautazame msikiti wa Sidi Saiyyed. Ulijengwa karibu 1573 na mtu mwenye asili ya Uhabeshi, na madirisha yake ya mawe yamechongwa mti wenye matawi yanayosukana kama ukili. Jiji limeufanya mti huo alama yake. Mweusi mwenzio ndiye aliyewaachia. Na huko Gujarat wapo Wasidi, wazao wa Waafrika, wanaongea Kigujarati kama Ba, na ngoma yao bado wanaiita goma.)

Nimeliacha la Ba mwisho kwa makusudi.

Kila mwaka, mwezi wa nane au wa tisa, Wajaini wana siku nane za mfungo zinazoitwa Paryushan. Wengine hawali kabisa siku zote nane, maji ya kuchemsha tu. Siku ya mwisho wanatoka hekaluni wanapita kwa kila mtu: mume kwa mke, mkubwa kwa mdogo, tajiri kwa mlinzi wa geti, wanaunganisha viganja na kusema "Micchami Dukkadam". Maana yake ni kwamba kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, ubaya huo na ufutike, nisamehe. Anayeambiwa hujibu maneno yale yale.

Ba alikuomba msamaha, mwanangu. Bibi wa umri ule, ana njaa ya siku nane au hata nne, kapita ukumbi mzima kukufuata chumbani kwako, na wewe ukacheka ukamwambia okei. Sisemi alikuwa anaomba radhi kwa ajili ya mtungi. Aliwaambia wote siku hiyo. Lakini na wewe alikuhesabu katika wote.

Sasa unayo maneno yake. Ile radhi yako ya Kiingereza kwa mama mwenye nyumba haikuwa mbaya, ila ilikwenda kwa mtu asiye mwenyewe, kwa lugha isiyo ya mle ndani. Nenda kwa Ba asubuhi akishamaliza sala zake, ameshakunywa maziwa. Vua ndala. Kaa chini, asikae chini yeye ukakaa juu. Unganisha viganja, inamisha kichwa, sema: Micchami Dukkadam, Ba. Usiongeze maelezo ya njaa, wala ya mama yako aliyefunga dagaa kwenye gazeti. Siku yenyewe imepita miezi miwili, najua, lakini maneno hayo hayana kalenda. Halafu ndipo uende kwa mama mwenye nyumba jikoni, mkiwa wawili, uiinue ile bilauri umuulize huu uzi ni wa nini, ben? Uulize kwa sauti ya kutaka kujua. Msikilize jibu, na zaidi mwangalie uso. Na umwombe kuanzia leo ukikosea akuambie papo hapo, usiku usipite.

Kuhusu tumbo lako: hawatarajii uwe Mjaini. Wanachotaka kisiingie ndani. Samaki na nyama kale mjini, Bhatiyar Gali kule kwenye mji wa zamani kuna wapishi wa Kiislamu, na mayai yapo kwenye mikokoteni ya barabarani jioni. Kula, sukutua, rudi. Jiko la koili nalo liwe la chai tu.

Halafu hiyo dengu unayoilalamikia. Kama ni ile ya njano, nyembamba, yenye utamu kidogo kwa sababu Wagujarati wanatia sukari guru, ni mbaazi hiyo. Ni mbaazi yetu hasa. India ndiyo mnunuzi wetu mkubwa, na ilipobana kuagiza mwaka 2017, wakulima wa Babati na Mtwara walibaki wanayatazama magunia. Wewe mtoto wa Tanga huwezi kukaa miezi minne kwenye nyumba ya walaji wa mbaazi bila kuwapikia mbaazi za nazi. Omba ruhusa ya jikoni kwanza, na wakisema hapana usinune, mwelekeze mama mwenye nyumba apike yeye wewe ukiwa umesimama mlangoni. Kitunguu usitie, saumu usitie, tangawizi mbichi nayo ni mzizi. Nazi, nyanya, pilipili, binzari ya unga, chumvi. Tui zito mwishoni. Iwe mezani kabla jua halijazama, Ba naye ale.

Kuhama, usihame kwa aibu. Ukijibiwa vibaya kuhusu uzi, au tifini ikiendelea kuachwa mlangoni wiki mbili baada ya haya yote, basi toa taarifa ya mwezi, dai amana yako kwa maandishi, na utafute nyumba nyingine kupitia Watanzania waliotangulia hapo chuoni.

Mwisho, mwambie mama yako akutumie korosho, kilo mbili, kwa mtu anayekuja. Wajaini wanakula, wanaita kaju, na Diwali au harusi haipiti bila hizo. Tarehe 14 Januari ni Uttarayan, jiji zima litakuwa juu ya mapaa linarusha tiara, na ndiyo siku nzuri ya kuzipandisha juu na kuzigawa. Ila mwambie mama asizifungie kwenye gazeti.